Sheli za Ukoo: Jinsi Biashara ya Mafuta Ilivyopanda Hadi Sanya Juu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, mji kwa mji. Shuka kwenye jedwali hilo hadi Mkoa wa Kilimanjaro na utaikuta Siha na mji wake wa Sanya Juu, bei ikiwa imezidi ile ya Moshi kwa shilingi chache. Hizo ndizo gharama za boza kuiacha barabara kuu pale Bomang'ombe na kupandisha kilomita zipatazo 25. Msomaji wa Dar es Salaam hupita mstari huo bila kuuona. Mwenye trekta Ngarenairobi na kijana wa bodaboda wa Sanya Juu huanzia hapo hapo kusoma.

Nyuma ya bei hiyo kuna historia ya watu ambao zamani walipewa pampu waziendeshe kwa niaba ya wengine, kisha wakafika mahali pa kuandika majina yao wenyewe juu ya kituo.

Mafuta ya kwanza kufika huku hayakutoka kwenye pampu. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na petroli na mafuta ya taa yalisafirishwa kwenye madebe ya galoni nne, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Wauzaji walikuwa wenye maduka, hasa familia za Kihindi, na debe la mafuta lilikaa duka moja na sukari, chumvi na khanga. Kwa hiyo anayedhani kuchanganya duka na mafuta ni mtindo mpya ulioletwa na vituo vya barabara kuu amechelewa kwa karne nzima. Debe likiisha mafuta lilichota maji, likapima mahindi, likakunjuliwa kuezekea banda. Mahindi yanapimwa kwa debe mpaka leo.

Walowezi wa West Kilimanjaro walilima ngano kwa matrekta, na shamba kubwa lilihifadhi mapipa yake lenyewe. Kwa Wachaga, mlango ulifunguliwa na kahawa. Chama chao cha ushirika wa kahawa, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na fedha za kahawa zilipoanza kuingia mfukoni kwa mkulima, zikanunua bati, ada ya shule, na kwa wachache, lori. Lori halili majani. Pampu za Shell, Caltex, Esso na Agip zikasimama mijini. Kwa kawaida kampuni ndiyo ilikuwa na ardhi, tangi na bango, na mwenyeji akawekwa kama wakala, akilipwa kwa kila lita aliyouza. Nembo haikuwa yake, lakini alijifunza kazi: namna ya kupima tangi kwa kijiti asubuhi, kumtambua dereva mwizi, kumkopesha mteja na kumdai bila kumpoteza. Naamini shule hiyo ndiyo iliyozaa wafanyabiashara wa mafuta wa leo, ingawa haitajwi mahali popote.

Uhuru ulibadilisha mambo kutoka juu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilifunguliwa Kigamboni mwaka 1966, Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, na Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, likaundwa mwaka 1969. Serikali ikawa na nusu ya hisa za BP na Agip nchini, na uagizaji ukashikwa na TPDC. Kisha dunia ikatikisika mwaka 1973 kwa bei ya mafuta kupanda, na kabla nchi haijapumua ikaingia vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Watu wazima wa Moshi wanaikumbuka marufuku ya kuendesha gari binafsi Jumapili mchana kuanzia saa nane. Harusi na mazishi vilipangwa kwa kutazama saa. Wakala wa kituo miaka hiyo alikuwa mtu wa kuheshimiwa na kulaumiwa kwa pamoja, maana yeye ndiye aliyesimama mbele ya foleni kusema mafuta hayapo.

Mageuzi yaliyofungua njia kwa familia yalikuja Januari 2000, uagizaji na uuzaji wa mafuta ulipoachiwa soko. TIPER iliacha kusafisha mafuta ghafi kipindi hicho hicho ikabaki na matangi. Aliyekuwa na lori, kiwanja kando ya barabara na benki inayomwamini aliweza kuingia. Ndani ya miaka michache majina mapya yakaenea barabarani: Oilcom, GBP yenye mizizi Tanga, Moil ya Mwanza, na kuanzia mwaka 2006 Lake Oil na Camel Oil ya Amsons. Moshi nayo ikatoa Panone, ambayo vituo vyake vinajulikana Kilimanjaro na Arusha, na ambayo katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa hata na timu ya soka, Panone FC, katika Ligi Daraja la Kwanza. Wakati wazawa wanaingia, wakubwa wa zamani walikuwa wanatoka: hisa za BP nchini zilichukuliwa na Puma Energy mwaka 2011.

Uhuru huo wa soko ulikuja na aibu yake, na haifai kuificha. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, dizeli kodi kubwa, na wajanja wakayachanganya. Uchakachuaji uliua injini za mabasi na pampu za matrekta, na mkulima aliyeharibikiwa katikati ya mavuno hakuwa na wa kumshitaki. Mwaka 2010 serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yatambulike, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi faida ya kuchanganya ikayeyuka. Agosti mwaka huo huo EWURA iliposhusha bei, kampuni kadhaa ziligoma kuuza, nchi ikakaa kwenye foleni, na leseni ya BP ikasimamishwa.

Baada ya hapo ulikuja uagizaji wa pamoja, ulioanza kati ya mwisho wa 2011 na mwanzo wa 2012. Meli hupatikana kwa zabuni moja na kampuni zinagawana shehena. Kwa maoni yangu, hatua hii ilizilinda familia za mikoani kuliko sera nyingine yoyote. Kampuni kubwa ya kigeni haiwezi tena kujivunia meli yake ya bei nafuu. Mzigo unaoshushwa Tanga kwa ajili ya kanda ya kaskazini una bei moja kwa wote, na bei ya rejareja ina kikomo. Ushindani umehamia kwenye uaminifu, usimamizi na mahali kituo kilipo.

Hapo ndipo ukoo una nguvu. Boza likiingia kituoni, mwenye mali husimama mwenyewe au humsimamisha mwanawe. Lakiri zinakaguliwa kabla ya kukatwa, kijiti kinazamishwa kwenye boza na kwenye tangi la ardhini, vipimo vinaandikwa, na mafuta yakiisha kushuka kijiti kinazamishwa tena. Lita 200 zikipotea katika hatua hiyo, faida ya siku nzima imekwenda nazo. Mwajiriwa anaweza kufumba macho. Mrithi ni vigumu zaidi. Halafu kuna daftari la madeni. Mkulima wa shayiri au viazi anahitaji dizeli miezi kadhaa kabla ya kuuza mavuno, na anayemkopesha ni yule anayeijua familia yake na shamba lake. Desemba ndiyo msimu wenyewe: Wachaga wanaporudi kula Krismasi nyumbani, tangi lililoishiwa tarehe 22 ni hasara ambayo Januari hairudishi.

Kinachonitia hofu ni siku mwanzilishi anapofumba macho. Kituo cha mafuta hakigawanyiki kama kihamba, shamba la ukoo, huyu achukue juu na yule achukue chini. Leseni ni moja, tangi ni moja, mkopo wa benki ni mmoja. Biashara za kifamilia nyingi hapa kwetu zimekwama mahakamani katika kizazi cha pili kwa sababu mzee alibeba kila kitu kichwani na mabinti hawakuandikwa popote.

Wakati huo huo vijiji vya juu bado vinauziwa petroli kwenye chupa za maji na madumu, ndani ya nyumba ambamo watoto wanalala na jiko linawaka. EWURA imelegeza masharti ya vituo vidogo vya vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, inatoa mikopo nafuu ya kuvijenga. Familia za Siha zenye kiwanja kando ya barabara ziende REA zikaulize masharti. Na wazee wenye vituo tayari wasajili kampuni kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, wagawe hisa kwa wana na mabinti wakiwa hai, na wamfundishe kila mmoja kusoma kijiti na kusoma hesabu za benki.