Ziwa, Chupa na Neno "Kuchagua": Historia ya Msamiati wa Kumlisha Mtoto Mchanga Shinyanga na Geita

Utangulizi

Suala la kumlisha mtoto mchanga aghalabu huachiwa matabibu na wataalamu wa lishe. Hata hivyo, kila ushauri anaopewa mama kliniki humfikia kwa maneno, na maneno hayo yana historia yake. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako akina mama wengi hukua wakizungumza Kisukuma na kukutana na istilahi za afya kwa Kiswahili, historia hiyo ina uzito wa pekee. Mhadhara huu unafuatilia maneno machache tu, hususan neno "kuchagua", ili kuonyesha kwamba kwa kipindi fulani lugha ilimkabidhi mama uamuzi ambao maji, kipato na kazi ya dhahabu vilikuwa vimekwisha kumwamulia.

Maneno ya asili na mzigo wake

Msamiati wa Kiswahili kuhusu unyonyeshaji ni mpana na wa kale. "Ziwa" ni kiungo cha mama, na umbo hilohilo hutaja pia mkusanyiko mkubwa wa maji, kama katika jina Kanda ya Ziwa. Lahaja za kaskazini na lugha ya ushairi zimehifadhi kitenzi "amwa" kwa maana ya kunyonya. "Kulikiza" ni kumwachisha mtoto ziwa. Aidha, katika jamii za Waislamu wa pwani, "ndugu wa kunyonya" hawaoani, kwa kuwa maziwa yamewafanya kuwa jamaa.

Kisarufi, mtoto hunyonya na mama hunyonyesha. Kauli ya kutendesha humfanya mama kuwa mtenda. Jambo la kuzingatia ni kwamba maneno haya mawili hayakupitia njia moja. Siasa ya Ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilieneza "unyonyaji" kwa maana ya kuishi kwa jasho la wengine, na "mnyonyaji" akawa adui wa umma. "Kunyonyesha" hakukuguswa na lawama hiyo. Heshima ya mama ilibaki, na pamoja nayo ulibaki mzigo wa kuulizwa yeye kwanza pale mtoto anapodhoofika.

Mzigo huo unaonekana wazi katika kitenzi "kubemenda". Kwa imani iliyoenea sehemu nyingi za Tanzania, wazazi wanaokutana kimwili kabla mtoto hajaachishwa ziwa, hasa nje ya ndoa, humdhoofisha mtoto huyo. Kitabibu, tendo hilo haliharibu maziwa, ijapokuwa mimba zinazofuatana karibu zaweza kumpunguzia mtoto matunzo. Lakini neno likishatamkwa, kuhara na utapiamlo huacha kuwa maradhi na kuwa ushahidi wa kosa la wazazi. Mama anayeogopa shutuma hiyo aweza kumwachisha mtoto ziwa mapema, naye mtoto akakosa kile hasa alichokihitaji.

Chupa mbele ya sheria

Maziwa ya kopo yalikuja na lugha yake ya matangazo, na ugomvi wa kimataifa juu yake ulikuwa kwa sehemu kubwa ugomvi wa maneno. Mwaka 1974 shirika la War on Want la London lilichapisha kijitabu cha Mike Muller kuhusu uuzaji wa maziwa hayo katika nchi maskini. Wanaharakati wa Uswisi walipokitafsiri kwa Kijerumani walibadili anwani ili itaje kampuni ya Nestlé kuwa muuaji wa watoto. Kampuni ilishtaki, na mwaka 1976 mahakama ya Bern ikaamua kwamba anwani hiyo ilikuwa ya kashfa.

Tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliunga mkono, Marekani peke yake ikapinga, na nchi 3 hazikupiga kura ya upande wowote. Kanuni hizo zinakataza matangazo kwa umma na sampuli za bure kwa akina mama. Kwa mwanaisimu, kifungu cha 9 kina umuhimu zaidi: lebo iwe na maelezo yanayosomeka na kueleweka, kwa lugha inayofaa, wala isiwe na picha ya mtoto. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kuzihuisha mwaka 2013.

Miaka ya "kuchagua"

Mwaka 1985 iliripotiwa kwamba virusi vya UKIMWI vyaweza kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama. Tanzania ilianza huduma za majaribio za kuzuia maambukizi hayo mwaka 2000 katika hospitali tano, mojawapo ikiwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Hapo ndipo "ushauri nasaha" na "kuchagua" yalipoingia kwa nguvu katika lugha ya kliniki. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2001 ulisema kwamba mama mwenye maambukizi aache kabisa kunyonyesha endapo ulishaji mbadala unakubalika, unawezekana, gharama yake inamudika, ni endelevu na ni salama.

Masharti hayo matano yalisomeka kama maswali ya kumuuliza mama. Kwa hakika yalikuwa maswali juu ya mahali anapoishi. Mji wa Shinyanga, ulio katika nyanda kame, ulitegemea bwawa la Ning'hwa. Maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele yalizinduliwa kwa miji ya Shinyanga na Kahama mwaka 2009 tu. Hivyo basi, katika miaka ile neno "salama" lilipokuwa kiini cha ushauri, maji ya kuchanganyia maziwa ya unga yalikuwa bado hayajafika. Athari ya kukosea ilidhihirika Botswana, nchi iliyogawa maziwa ya kopo bure: baada ya mvua kubwa na mafuriko ya mwanzoni mwa mwaka 2006, kuhara kuliua watoto wengi, hususan wale wasionyonya.

Wakati huohuo neno jingine, "pekee", lilithibitika kuwa na nguvu kuliko "kuchagua". Utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto walionyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi mitatu hawakuambukizwa zaidi ya wale ambao hawakunyonya kabisa, ilhali waliochanganyiwa waliambukizwa zaidi. Lakini mama akiambiwa "usimpe chakula kingine", maji hayamo katika katazo hilo, kwa kuwa katika matumizi ya kawaida maji si chakula. Kosa la mnasihi katika neno moja laweza kumfikia mtoto kwa kijiko.

Baadaye dawa zilibadili hesabu. Mwongozo wa mwaka 2010 uliruhusu mama anayetumia dawa anyonyeshe hadi miezi 12. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kuwapa wajawazito na wanaonyonyesha wenye maambukizi dawa za maisha. Na mwaka 2016 muda wa kunyonyesha uliongezwa hadi miezi 24 na zaidi. Kitaifa, watoto wa chini ya miezi 6 wanaonyonyeshwa pekee walipanda kutoka asilimia 41 katika utafiti wa 2004–05 hadi asilimia 64 mwaka 2022.

Dhahabu, zebaki na saa mbili

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni yake wamo wachimbaji wadogo, na miongoni mwao wanawake wanaoponda mawe na kuchenjua dhahabu kwa zebaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipima maziwa ya akina mama wa maeneo ya uchimbaji mdogo wa Indonesia, Tanzania na Zimbabwe, na baadhi yao wakakutwa na zebaki nyingi. Hapa tena "kuchagua" kati ya ziwa na chupa ni swali lililowekwa mahali pasipo pake. Chupa inahitaji maji safi, nayo maji ya karibu na machimbo huenda ndiyo yaliyosafishia dhahabu. Linalotakiwa ni kumwondolea mama moshi wa zebaki, si kumwondolea mtoto ziwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, na baadaye hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sheria inasema "mwajiri amruhusu". Mwanamke anayeponda mawe kwa malipo ya kiroba hana mwajiri wa kumruhusu. Kitenzi kipo, mtenda hayupo.

Hitimisho

Historia hii haimnyimi mama haki ya kuchagua. Inachodai ni kwamba kitenzi hicho kitumike pale tu penye mambo mawili yanayowezekana. Wanaotafsiri miongozo, wanaoandika lebo na wanaofundisha wanasihi ni watumiaji wa lugha kabla ya kuwa kitu kingine. Wakimwambia mama "chagua", wawe wamekwisha kuuliza maji yanatoka wapi, kopo linauzwa bei gani, na nani atamshikia nyundo wakati mtoto ananyonya.