Hewa nyepesi ya nyanda za juu ilivyoathiri uundaji wa ndege za kivita

Katika mtaa wa Kapsoya, jijini Eldoret, kipo kituo cha hali ya hewa ambacho vipimo vyake vina maana kubwa kwa marubani. Mtaa huo uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Upungufu huo, ambao wanariadha huufanyia mazoezi wakanufaika, kwa ndege ni mzigo.

Sababu ni mbili. Kwanza, bawa huinuliwa na hewa inayolipitia. Hewa ikiwa nyepesi, sharti ndege ikimbie zaidi kabla ya kupaa. Pili, injini huhitaji hewa ili kuchoma mafuta, na ikiikosa nguvu zake hufifia. Jua nalo huzidisha tatizo. Joto likifika nyuzi 25, ndege iliyoko Eldoret huathirika kana kwamba iko karibu mita 3,000.

Wataalamu walianza kulitatua jambo hili zamani. Mnamo 1918, Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini kwenye kilele cha Pikes Peak, mita 4,300 juu ya bahari, kujaribu kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukuma hewa ndani yake. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza iliboresha vifaa vya kusukuma hewa katika injini ya Spitfire, na kufikia 1942 ndege hiyo ikaweza kupigana katika anga za juu zaidi.

Jeshi la Wanahewa la Kenya, lililoundwa Juni 1, 1964, lilianza kufunza marubani kwa ndege nyepesi aina ya Chipmunk. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 145 pekee, bila kifaa cha kusukuma hewa. Baadaye zikaja ndege za jeti: Strikemaster mnamo 1971, Hunter mnamo 1974 na F-5 kuanzia 1978. Strikemaster yenyewe ilitokana na ndege ya mafunzo, Jet Provost, nayo F-5 ni ya ukoo mmoja na T-38, ndege ya mafunzo ya Marekani.

F-5 ina mabawa mafupi na membamba yanayofaa kwa kasi. Hata hivyo, mabawa hayo huhitaji barabara ndefu ya kupaa, hususan katika kambi ya Laikipia, Nanyuki, iliyo karibu mita 1,900 juu ya bahari. Mnamo 1990 zilianza kuwasili ndege za Tucano zilizoundwa na kampuni ya Short ya Belfast. Kampuni hiyo ilikuwa imeondoa injini ya awali ya nguvu za farasi 750 na kuweka ya 1,100.

Hivyo basi, sifa za ndege zinazopimwa katika usawa wa bahari hazitoshi kumwongoza mnunuzi wala rubani wa nyanda za juu. Barabara ya uwanja wa Eldoret ina urefu wa takriban kilomita tatu na nusu. Rubani wa ndege ndogo anayetumia viwanja vifupi vya eneo hili hana nafasi hiyo. Kinga yake ni kupunguza mzigo, kuondoka asubuhi kungali baridi, na kupiga hesabu kabla ya kuwasha injini.