Kuhamisha OpenMRS hadi Java Mpya: Rada Yote, Kutoka Eldoret hadi Kisii na Nyamira

Ukiingia kliniki ya CCC Kisii ama Nyamira siku hizi, mara nyingi mhudumu haanzi kwa kuchimba mafaili kwa rafu. Anakuuliza namba yako, anaipiga kwa kompyuta, na historia yako inatokea: dawa unazomeza, kipimo cha mwisho cha virusi, siku ya kurudi. Programu inayofanya hiyo kazi kwa vituo vingi vya serikali inaitwa KenyaEMR, na imejengwa juu ya mfumo mkubwa zaidi, OpenMRS. Mfumo huo umeandikwa kwa lugha ya Java.

Sasa noma ni hii: Java huzeeka. Kila baada ya miaka kadhaa lazima mfumo wote uhamie toleo jipya. Unafanya aje hiyo bila kupoteza rekodi ya mtu hata mmoja?

Ilitoka wapi

OpenMRS ina mizizi hapa hapa kwetu. Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kikitumia Microsoft Access. Wagonjwa wakaongezeka, Access ikalemewa. Mwaka wa 2004 madaktari wawili Wamarekani waliohusika na mradi wa AMPATH, Burke Mamlin na Paul Biondich, wakaanza kuchora mfumo mpya. Februari 2006 OpenMRS ikaanza kazi Eldoret.

Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaweza kusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuutumia bila kulipa. Ndiyo maana Wizara ya Afya na washirika wake waliweza kuichukua na, kuanzia 2012, kujenga KenyaEMR juu yake.

Kama inafanya kazi, kwa nini uhame?

Sababu ya kwanza ni usalama. Java 6 ilitoka Desemba 2006, na viraka vyake vya bure vya usalama vikaisha 2013. Java 7 ikatoka 2011, viraka vikaisha Aprili 2015. Kukaa huko nyuma ni kama kulala na mlango wazi, na ndani kuna hali ya HIV ya majirani zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hivyo hii si mchezo.

Sababu ya pili ni maktaba, yaani misimbo ya watu wengine ambayo mfumo unaitegemea. OpenMRS hutegemea Spring na Hibernate, na hizo pia zinasonga. Spring 6, iliyotoka 2022, haikubali Java iliyo chini ya 17. Ukibaki nyuma sana, hupati tena marekebisho ya hizo maktaba.

Ndiyo maana toleo la 2 la OpenMRS lilitaka Java 8, iliyotoka Machi 2014. Na safari haijaisha: miongoni mwa matoleo ya Java yanayodumishwa kwa muda mrefu yaliyofuata kuna 11 (2018), 17 (2021) na 21 (2023).

Nini huvunjika

Msimbo wa zamani mara nyingi hudunda kwa Java mpya. Kinyume chake hakiwezekani: programu iliyotengenezewa Java 8 ukiiweka kwa seva ya Java 7 inakataa kuwaka. Kwa hivyo mpangilio ni muhimu. Java ya seva kwanza, programu baadaye.

Pia kuna vitu huondolewa kabisa. Java 11 ilitoa JAXB, zana ya kusoma na kuandika XML, na programu zilizozoea kuikuta ndani zikabaki zikiitafuta. Halafu kuna jina. Mwaka wa 2020, toleo la 9 la Jakarta EE lilibadilisha "javax" kuwa "jakarta". Ni neno moja tu, lakini linakaa kwa maelfu ya mistari.

Shida kubwa huwa kwa moduli. OpenMRS ina kiini, halafu vipande vinavyochomekwa juu yake. KenyaEMR yenyewe ni moduli, na inakuja na zingine nyingi. Kiini kinaweza kuwa tayari mapema, lakini moduli moja ambayo mwenyewe aliiacha kitambo inaweza kukwamisha kila mtu.

Wasee wa programu huhamisha hivi

1. Wanaorodhesha moduli na maktaba zote, na nani anazitunza.
2. Wanajaribu msimbo wa zamani kwa Java mpya kabla ya kugusa chochote kipya cha lugha.
3. Wanapandisha maktaba moja moja, si zote mara moja. Kitu kikivunjika, wanajua ni gani.
4. Kila mabadiliko yanapimwa kwa Java ya zamani na mpya, mpaka siku ya kuiacha ya zamani.
5. Wanatangaza mapema, ndio walio na moduli zao wajipange.

Sasa kuja Gusii

Hapo juu ni kazi ya lapi. Ya huku ni ya miguu. KenyaEMR mara nyingi hukaa kwa seva iliyo palepale kituoni, ndio kazi iendelee hata intaneti ikipotea. Maana yake ni kwamba kubadilisha Java hakufanyiki kwa kubonyeza kitu kimoja Nairobi. Kuna mtu wa kuhakikisha imefanyika Ogembo, Nyamache, Keroka, Ekerenyo, kituo kwa kituo.

Na unajua milima yetu: mvua ya mchana, radi, stima inapotea. Stima ikienda katikati ya kuhamisha data, unaweza kubaki na hifadhidata nusu ya zamani, nusu mpya. Kwa hivyo mse mjanja anafanya hivi: anachukua nakala nzima ya data na kuiweka kwa diski nyingine, anajaribu toleo jipya kwa mashine ya pembeni, anahakikisha betri ya akiba inashika, na anangoja siku kliniki haina watu.

Akimaliza hasemi "iko fiti" kwa sababu skrini imewaka. Anahesabu wagonjwa kabla na baada. Anatoa ripoti ya MOH 731 ya mwezi uliopita kwa mfumo mpya na kuilinganisha na ile ya zamani. Namba zikipishana hata kwa mtu mmoja, anarudi toleo la zamani na kutafuta huyo mtu alienda wapi. Huyo mmoja anaweza kuwa mama mjamzito ambaye dawa zake ndizo zinamkinga mtoto.

Pesa ikikatwa je?

Kazi nyingi ya KenyaEMR imekuwa ikilipwa na pesa za Marekani kupitia PEPFAR. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, watu walijifunza kitu kimoja: mfadhili anaweza kuenda na ganji yake, lakini msimbo huria hawezi kuenda nao. Unabaki wetu. Ila msimbo bila watu wa kuuhamisha unabaki tu kwa Java ya zamani, viraka vinaisha, na siku moja hauwaki.

Unaingilia wapi

Kama unasomea kompyuta Kisii na unalia hakuna pa kuanzia, msimbo wa OpenMRS uko GitHub, wazi. Kuna kazi ndogo zimetengewa wanaoanza. OpenMRS pia imekuwa kwa Google Summer of Code tangu 2007, na wanaochaguliwa huko hulipwa kitu kidogo. Soma Java, SQL na Linux. Anza na moduli moja, iwashe kwa Java mpya, uone inalia wapi.

Siku seva ya kliniki ya kwenu itahitaji kuhamishwa, afadhali anayejua kuifanya awe anatoka hapo karibu.