Afya ya akili Amu: Kila rika na msaada wake

KWA miaka mingi, mkazi wa Amu aliyenusurika baada ya kujaribu kujitoa uhai alikabiliwa na mambo mawili: aibu mbele ya majirani na hofu ya kutiwa mbaroni. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka miwili, faini, au vyote viwili. Januari 9, 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Uamuzi huo una uzito mkubwa visiwani. Sheria ilipotisha, jamaa walikuwa na sababu ya kumficha mgonjwa, na wahenga walishaonya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hujitoa uhai kila mwaka ulimwenguni. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29, hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Katika mataifa mengi, wanaume ndio wengi miongoni mwa wanaofariki, ilhali wanawake ndio wengi miongoni mwa wanaojaribu. Kwa sababu hiyo, msaada hauwezi kuwa wa namna moja kwa watu wote.

Mtoto aghalabu hasemi kwamba ana huzuni. Huionyesha kwa kukosa usingizi, kulalamikia tumbo, kuwa mkali au kurudi nyuma masomoni. Mwalimu wa shule na wa madrasa, ambao humwona karibu kila siku, wana nafasi ya kuyatambua mabadiliko hayo mapema. Kinachomfaa ni kuulizwa kwa upole wala si kiboko.

Wanaume nao wana njia yao ya kunyamaza. Mabaraza ya Amu hujaa jioni, wazungumzaji wakijadili siasa, soka na bei ya samaki, lakini ni nadra mtu kutamka hapo kwamba usiku halali kwa mawazo. Wavuvi walipozuiwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa kwa sababu za kiusalama, kilichopotea hakikuwa samaki pekee bali pia heshima ya mwenye nyumba. Baadhi ya vijana hukimbilia mihadarati, ambayo huzidisha sonona badala ya kuiondoa. Rafiki amwitaye mwenzake kando na kumsikiliza bila kumkejeli huwa amekwisha kuanza kumsaidia.

Kwa akina mama, kipindi cha baada ya kujifungua chahitaji uangalifu. Katika siku arubaini za uzazi, wageni huja kumtazama mtoto. Ni vyema mmoja wao amuulize mama mwenyewe hali yake. Halikadhalika, mjane aliye edani kwa miezi minne na siku kumi hahitaji kuachwa peke yake na majonzi yake. Anayepigwa nyumbani huhitaji kwanza mahali pa usalama.

Wazee huathiriwa na upweke, maradhi ya kudumu na kufiwa na wenzao. Mzee asemaye kwamba amekuwa mzigo asijibiwe kwa mzaha.

Dalili nyingine za hatari ni kuzungumzia kifo mara kwa mara, kujitenga, kuaga watu na kugawa vitu vya thamani. Wataalamu wanaeleza kuwa kumuuliza mtu waziwazi iwapo anafikiria kujitoa uhai hakumtii wazo hilo kichwani. Aghalabu humpa nafuu. Asiachwe peke yake, vitu vya hatari viwekwe mbali naye, na apelekwe hospitalini bila kukawia.

Mjini Amu, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya King Fahd. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, kwani Hospitali ya Mathari iko mbali Nairobi. Kwa mkazi wa Kiwayu, hata safari ya Amu hutegemea chombo na hali ya bahari. Kwa hiyo nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo hupigwa bila malipo, ina manufaa makubwa kwa walio mbali.

Dini nayo ina nafasi yake. Uislamu unakataza mtu kujiua, lakini pia unafundisha kwamba aliyepotewa na akili haandikiwi dhambi hadi atakaporejewa nayo. Imamu anayewakumbusha waumini mafundisho yote mawili huwapa jamaa ruhusa ya kumtoa mgonjwa chumbani na kumpeleka kwa daktari.