Kusimama Juu ya Hewa

Juma lililopita nilikuwa Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikimtazama mvuvi aliyesimama wima ndani ya mtumbwi mwembamba huku mawimbi yakimtikisa. Hakuanguka. Miguu yake ilijua la kufanya kabla hajawaza.

Wahandisi wa Marekani waliitegemea hekima hiyo ya miguu. Mwaka 1955 kampuni ya Hiller ilirusha jukwaa la mtu mmoja, likiinuliwa na mapangaboi mawili ndani ya pete kubwa. Rubani alisimama juu yake. Akiegemea mbele, nalo linakwenda mbele. Lakini lilikuwa tulivu mno, likakataa kuinama, na kasi yake ikabaki kilomita 26 hivi kwa saa. Jeshi likaachana nalo.

Mfaransa Franky Zapata alishika njia nyingine: ubao wenye injini ndogo za jeti, mafuta mgongoni, na kompyuta ya kusaidia mizani. Ubao huo ni mwepesi na una kasi, lakini hauna mabawa. Injini zikizimika, hauelei hewani. Tarehe 25 Julai 2019 alianguka baharini akijaribu kutua kwenye boti ili aongeze mafuta. Akaokoka. Tarehe 4 Agosti alivuka kutoka Ufaransa hadi Uingereza, kilomita 35 hivi, kwa dakika 22.

Chini yake palikuwa na maji, si mapaa ya watu. Siku tutakapoletewa vyombo hivi, tusianze kuuliza kasi. Tuulize: kikizimika, kitaangukia wapi, na juu ya nani?