Kuzoesha Farasi-bahari: Neno Moja Lililobebeshwa Kazi Tatu

Mfugaji wa samaki wa maji chumvi akiletewa farasi-bahari wapya nyumbani, neno la kwanza atakalokutana nalo katika maelekezo ya muuzaji ni aklimesheni. Tukitaka kulisema kwa Kiswahili, linalotujia mdomoni bila kutafuta ni kuzoesha. Tafsiri hiyo si mbaya. Ubaya upo kwenye neno lenyewe la kigeni, ambalo wafugaji wamelibebesha kazi tatu zisizofanana, na sisi tukilipokea hivyo hivyo tutakuwa tumerithi deni la watu. Kwa samaki wengi mchanganyiko huo ni kero tu. Kwa farasi-bahari unaua.

Chimbuko la neno ni klima ya Kigiriki, yaani mwinamo, ambayo baadaye ilimaanisha ukanda wa dunia na hali yake ya hewa. Wafaransa wakaligeuza kitenzi. Mwaka 1854, mjini Paris, mwanazuolojia Isidore Geoffroy Saint-Hilaire aliongoza jumuiya iliyokusudia kuwaleta Ufaransa wanyama na mimea ya nchi za mbali, wakae, wazae, wafae. Bustani yao, Jardin d'Acclimatation, ilifunguliwa 1860 na ipo hadi leo, ingawa siku hizi watoto huenda huko kubembea. Wanafiziolojia nao wakalichukua neno na kulibana: mabadiliko ya mwili wa mnyama mmoja, kwa siku au majuma, anapokaa katika mazingira tofauti na aliyotoka. Mabadiliko ya kizazi hadi kizazi ni habari nyingine. Kisha wafugaji wa nyumbani wakalibana zaidi, hadi likawa jina la nusu saa ile mfuko uliomleta samaki unapoelea juu ya tangi. Neno la majuma limekuwa neno la dakika.

Kiswahili kina namna ya kulipasua. Kuzoea ni tendo la anayezoea. Mtu huizoea baridi ya Njombe mwenyewe, hakuna wa kumzoelea. Kuzoesha ni tendo la anayesimamia. Kuzoeana ni la pande mbili. Kwa vinyambuo hivi vitatu na neno karantini, ambalo kila mtu analijua, kila kazi inaweza kupata jina lake.

Kazi ya kwanza, ile ya mfuko, mimi nisingeiita kuzoesha kabisa. Ningeiita kusawazisha maji, kwa sababu kinachofanyiwa kazi pale ni maji, si mnyama. Na hapa ndipo kemia inapomtega mfugaji mwenye nia njema.

Farasi-bahari husafirishwa katika mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni, ndani ya boksi la stairofomu, na safari huweza kuchukua siku nzima. Njiani anapumua. Hewa ukaa inalundikana majini, na pH inashuka kutoka karibu 8.2 ya baharini hadi karibu 7. Wakati huohuo anatoa amonia kupitia matamvua yake. Lakini maji yakiwa na pH ya chini, sehemu kubwa sana ya amonia hiyo hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halipenyi matamvua kwa urahisi. Yaani ile hewa ukaa, ambayo yenyewe ni kero, inamkinga na sumu yake mwenyewe.

Sasa fungua mfuko. Hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na kila inapopanda kwa 1, sehemu iliyo katika umbo la amonia kali inaongezeka karibu mara 10. Mfugaji aliyeambiwa "mzoeshe taratibu" anachukua mpira mwembamba, anaufunga fundo, anadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili au tatu, akiamini kwamba ukawiaji ndio huruma. Kumbe maji anayodondosha, yenye pH ya 8.2, ndiyo yanayoiamsha sumu, na mnyama bado anaogelea humo. Wasia wa kwenda polepole, ambao una busara mahali pengi, hapa umetoka kwenye jina la kazi na si kwenye kazi yenyewe. Laiti ingeitwa kusawazisha, mtu angejiuliza swali lililo sahihi: kuna tofauti gani kati ya maji haya na yale, na je, ningeweza kuiondoa kabla samaki hajafika?

Kwa sehemu kubwa, inawezekana. Joto husawazishwa mfuko ukiwa bado umefungwa, ukielea kwa dakika 15 hadi 20 huku taa zikiwa zimezimwa au kufifishwa. Chumvi husawazishwa siku moja kabla, kwa kumuuliza muuzaji maji yake yana kipimo gani na kuliandaa tangi la kupokelea kwa kipimo hicho. Akisema 1.020 kwenye refraktomita, tangi liwe 1.020, hata kama tangi kubwa la sebuleni ni 1.025. Upande wa tofauti nao una uzito wake. Damu ya samaki wa bahari ina chumvi kiasi cha theluthi moja tu ya maji yanayomzunguka, hivyo maisha yake yote anapoteza maji mwilini, anakunywa bahari na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Kumshusha kwenye chumvi pungufu kidogo ni kumpunguzia mzigo. Kumpandisha ghafla ni kumkausha. Vipimo vikishakaribiana, anahamishwa mara moja. Na ahamishwe kwa mkono au kikombe, akibaki ndani ya maji, wala si kwa wavu hewani, kwani dume akinasa hewa kwenye kifuko chake cha kulelea mayai anaweza kuishia kuelea kichwachini. Maji ya mfukoni yanamwagwa nje, hata tone lisiingie tangini.

Kazi ya pili ni karantini, na kwa hili hatuhitaji kuunda chochote. Neno limetokana na arobaini ya Kiitalia, idadi ya siku ambazo meli zilizuiwa nje ya bandari wakati wa tauni, na pwani yetu ina kumbukumbu yake ya mawe: Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako jengo lililojengwa miaka ya 1890 liwe gereza liligeuzwa kituo cha kuwazuilia wasafiri kwa hofu ya homa ya manjano. (Changuu ni samaki pia, kwa hiyo karantini ya samaki ina haki zote za kukitaja kisiwa hicho.) Kwa farasi-bahari, karantini ni tangi la pembeni lisilo na mchanga, lenye chujio la sponji lililokwisha kukomaa kwa bakteria wanaokula amonia, na matawi ya mwani wa bandia ya kuzungushia mkia. Asiye na pa kushika hatulii.

Humo anakaa kati ya wiki 4 na 6. Mfugaji anatazama pumzi za haraka, mabaka meupe, ngozi inayochubuka kwenye mkia, na hasa anatazama kama anakula. Joto libaki kati ya nyuzi 22 na 24 za Selsiasi, hata kwa spishi za nchi za joto, kwa kuwa adui mkubwa wa farasi-bahari wa kufugwa ni bakteria wa jamii ya vibrio, ndugu wa yule wa kipindupindu, na hao hushamiri maji yanapopata moto. Watu wengi huruka karantini kwa sababu wanaamini tayari wameshafanya aklimesheni. Neno limewadanganya mara ya pili.

Kazi ya tatu ni kuzoea kwenyewe, ile kazi ya mnyama, na kunafanyika ndani ya majuma hayo, taratibu, bila mpira wala matone. Matamvua yanarekebisha kasi ya kutoa chumvi. Macho, yanayozunguka kila moja kivyake, yanajifunza sehemu chakula kinapotokea. Farasi-bahari hana mfuko wa chakula tumboni. Anachokimeza hupita upesi, ndiyo maana hulishwa mara mbili au tatu kwa siku na hawezi kukaa na njaa kama samaki wengine. Aliyezaliwa shambani, kwa mfano Hippocampus erectus wa mashamba ya Marekani, kwa kawaida huja akijua kula uduvi waliogandishwa. Aliyevuliwa baharini humtambua uduvi aliye hai anayerukaruka, na kumfundisha kula kilichokufa ni kazi inayowashinda wengi.

Tofauti hiyo ya wa shambani na wa baharini ni jambo la sheria pia. Jamii yote ya Hippocampus iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2002, uamuzi ulioanza kutumika Mei 2004, na urefu wa sentimita 10 ukapendekezwa kuwa kima cha chini kwa wanaouzwa nje. Wa kwetu wamo, akiwemo Hippocampus camelopardalis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1854 kutoka Msumbiji, ambaye kwa jina hilo ni farasi aliye pia twiga. Hao wa Afrika Mashariki wamefanyiwa biashara zaidi wakiwa wamekaushwa, kwa soko la dawa za jadi la Asia.

Kinabaki kinyambuo cha mwisho, kuzoeana. Wageni wakimaliza karantini huwa wazima. Wenyeji wa tangi kubwa nao wazima. Kila kundi, hata hivyo, limeishi na vimelea vyake hadi likavivumilia, na mwili wa mmoja haujavijua vya mwenzake. Wakikutanishwa, waweza kuugua wale wa zamani badala ya wageni, na mwenye tangi akabaki analaumu maji. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi wazoefu hawachanganyi spishi wala mashamba: hununua wote pamoja, kutoka chanzo kimoja, na wakipungua huanzisha tangi jingine.