Mtego wa Nzi na Miembe ya Chamazi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao makuu Nairobi, kilianzisha mpango wa kuwafuatilia nzi wa matunda wa Afrika. Wakati huo aliyekuwa akiwasumbua wakulima wa embe alikuwa nzi mwenyeji, Ceratitis cosyra. Mwaka 2003 akanaswa Kenya nzi mwingine kabisa, wa jamii ya Kiasia, ambaye hakuwa ameandikwa barani humu. Mwaka huohuo alibainika Tanzania pia, na taarifa yake ikatolewa mwaka uliofuata na watafiti akiwemo Maulid Mwatawala wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Wasingekuwepo watu waliokwisha kuzoea kutega na kuhesabu, mgeni huyo angekula misimu kadhaa ya embe kabla ya yeyote kumtambua. Hapo ndipo penye hoja yangu: mtego wa nzi ni chombo cha kujua kabla haujawa silaha. Tukiupima kwa idadi ya nzi waliokufa ndani yake tu, tutaona una kazi mashambani peke yake, na sehemu kama Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako miembe imebaki uani baada ya mashamba kukatwa viwanja, tutaziweka kando.

Chambo cha mtego huo kina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1912 Howlett, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Pusa, India, aliandika jinsi nzi dume walivyojazana kwenye mafuta ya sitronela, mmea wa jamii ya mchaichai. Mwaka 1915 akakitaja kiini cha mvuto huo, methili eujeno, kemikali iliyomo pia katika baadhi ya mimea ya jamii ya mrehani. Dume huilamba, mwili wake huigeuza kuwa harufu, na harufu hiyo humpa bahati kwa majike. Ndiyo maana huifuata kutoka mbali na kwa pupa. Wamarekani waliufanya udhaifu huo kuwa mbinu ya vita. Katika kisiwa cha Rota, Bahari ya Pasifiki, vipande vya ubao laini vilivyoloweshwa chambo na sumu vilidondoshwa kutoka angani tena na tena, hadi madume wakaisha na majike wakakosa wa kuwapanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965. Wajapani nao walifuata njia hiyo katika visiwa vyao vya kusini, Okinawa ikiwemo, na kufikia mwaka 1986 walikuwa wamewamaliza nzi hao.

Ushindi huo ulizaa tumaini ambalo bado linawapotosha wakulima wengi: kwamba kopo la mtego lililojaa nzi ni shamba lililopona. Halijapona. Methili eujeno huvuta madume tu, na dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike wengi. Jike, ambaye maishani mwake anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000, hupita kando ya kopo bila kuligeukia na kwenda kuchoma embe. Rota ilifanikiwa kwa sababu ni kisiwa kidogo, na hakuna mti ulioachwa. Chamazi imeungana na Mbagala upande mmoja, na upande mwingine inaelekea Mkuranga, wilaya yenye miembe na michungwa mingi. Madume wakiisha leo, wengine wataingia kesho. Basi mtu atauliza, na ni haki yake kuuliza, mtego wa nini? Jibu ni kwamba kopo lilelile lisiloweza kumaliza nzi linaweza kutuambia wameanza kuongezeka lini na wametokea upande gani. Hesabu ya wiki hii ikiruka kuliko ya wiki iliyopita, huo ndio wakati wa kunyunyiza chambo cha protini, ambacho humvuta jike pia kwa kuwa anahitaji protini ili mayai yake yakomae, na wakati wa kuokota kila embe lililoanguka kabla funza hawajatoka na kujichimbia mchangani.

Kuna pingamizi la wazee, nalo lina uzito: embe lina funza tangu enzi za mababu, mgeni huyu ameongeza nini? Ushahidi bora ninaoujua unatoka Nguruman, kusini mwa Kenya. Sunday Ekesi na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba ndani ya miaka minne tu mgeni alikuwa amemsukuma pembeni Ceratitis cosyra na kuwa mtawala wa miembe. La maana zaidi ni kwamba hawakutegemea mitego peke yake. Waliyachukua matunda yenyewe, wakayahifadhi, wakahesabu nzi waliotoka humo. Tahadhari hiyo ni ya lazima, kwa sababu chambo kinachomvuta nzi mmoja humficha mwingine. Jina la mgeni nalo lilibadilika: mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens kana kwamba ni spishi mpya, na mwaka 2015 ikathibitishwa kuwa ni yuleyule Bactrocera dorsalis wa Asia, aliyefutwa Rota na Okinawa. Kwa hiyo yaliyojifunzwa huko yanatuhusu moja kwa moja.

Wengine watasema Chamazi si shamba. Kwa mwanadamu mwenye hati ya kiwanja ni kweli, lakini nzi hana habari na ramani ya mipango miji. Mkungu, mti unaopendwa kwa kivuli nyumbani na shuleni, ni miongoni mwa miti anayoipenda sana; utafiti wa Kenya uliukuta ukimlea kwa wingi. Kungu zikianguka hakuna anayezizika, mapera yaliyooza hufagiliwa pembeni, na embe la msimu mdogo humlea hadi msimu mkubwa wa Novemba hadi Januari. Mwenye shamba Mkuranga anaweza kufanya kila aliloambiwa na bwana shamba, kisha akaletewa nzi na miti isiyo na mkulima.

Na madhara hayaishii uani. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisitisha kupeleka embe zake Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na ilirudi sokoni mwaka 2021 tu, baada ya kuonyesha kuwa inawafuatilia. Mwaka huohuo wa 2021 wanasayansi walitangaza kumpata Kenya nzi mwingine wa Asia, Drosophila suzukii, adui wa stroberi na beri nyingine, ambaye jike wake hukereza ngozi ya tunda lisiloanza kuoza. Huyu haji kwa methili eujeno. Hutegwa kwa chambo chenye harufu ya uchachu, kama siki na divai. Makopo ya zamani yangebaki matupu huku beri zikiliwa.

Kwa Chamazi, mahali pa kuanzia ni ofisi za serikali za mitaa na shule za msingi zenye mikungu. Makopo machache yenye mfuniko, yatundikwe juu watoto wasikofikia kwa kuwa ndani yana sumu, yafunguliwe siku moja kila wiki kuanzia Oktoba hadi Februari, na hesabu ibandikwe ukutani pamoja na matangazo mengine ya mtaa. Afisa ugani wa kata aipeleke kwa mwenzake wa Mkuranga, na wiki ambayo hesabu inapanda, kila kaya ikusanye matunda yaliyoanguka, iyafunge kwenye mfuko mweusi na kuyaacha juani hadi funza wafe, au iyafukie chini kabisa, nusu mita kwenda chini.